Sumaku Hajawahi Kutafuna Misumari

Halafu hiyo misumari yenyewe wanayomsingizia kwamba imemharibu meno, hajawahi kuitia mdomoni hata siku moja! Hilo ndilo lililokuwa linamchemsha Sumaku damu. Angekuwa ameitafuna kweli, sawa, angenyamaza, angesema haya nimejitakia. Lakini ahukumiwe kwa kosa la Sponji? Sponji, mtu mzima, amekaa pale kona na vimisumari vimemjaa shavuni kama anakula karanga, na meno yake yote yapo, meupe, yamejipanga! Halafu anayenyooshewa kidole ni yeye. Hapana bwana. Hata wewe usingekubali.

Tuelewane kwanza. Sumaku ni fundi makochi. Kazi kajifunzia kwenye karakana ya mjomba wake, kaka wa mama yake, pale nyuma ya duka la vifaa vya umeme, mlango wa bati, ndani vumbi la sponji linaelea hewani mpaka ukipiga chafya unatoa godoro. Mafundi makochi wa zamani wana mtindo wao. Ukigongomea kitambaa kwenye mbao, mkono mmoja unavuta kitambaa, mwingine umeshika nyundo. Sasa misumari utaishika na nini? Mdomo. Unaijaza shavuni, unasukuma mmoja kwa ulimi, unauchomoa kwenye midomo, kong, unasukuma mwingine. Mjomba hufanya hivyo. Sponji, fundi mwenzao, hufanya hivyo huku anaongea. Na wamempa jina la Sponji kwa sababu neno lolote analolisikia analinyonya, na ukimbana kidogo tu analitoa lote.

Sumaku hata kujaribu hakujaribu. Mdomo wake ni mkavu. Si mkavu wa kiu ya mchana, mkavu wa kila siku, kitu kikigusa ulimi kinanata. Watu wakiogopa humeza mate. Yeye humeza upepo. Ndiyo maana chupa ya maji haimbanduki kiunoni. Kwa hiyo siku alipoanza kazi alichukua spika iliyokufa, akaing'oa sumaku, akaishonea kwenye kipande cha ngozi, akakivaa mkononi kama saa. Misumari inajibandika pale yenyewe, anaichukua kwa vidole. Mjomba alicheka mpaka akakaribia kumeza yake. "Huyu mtoto mvivu ana akili," akasema. Jina likaanzia hapo.

Lakini meno yake, ndiyo, ni shida. Mengine ni madogo kama punje za mchele. Mengine yana madoa ya kahawia. Kuna mahali hayakuota kabisa, fizi tupu, laini. Akicheka anaziba mdomo kwa mkono, na kwa kuwa mkono una sumaku, mara nyingi anacheka na misumari imemning'inia usoni. Ukimwona hivyo, bila kumjua, na wewe ungesema: huyu kaharibu meno na kazi.

Ukweli wanao watu wawili tu, yeye na mama yake. Mjomba anajua nusu.

Alipokuwa mdogo, hata shule hajaanza, alivimba chini ya sikio la kushoto. Watu wakasema matubwitubwi, yatapita. Hayakupita. Ilikuwa saratani. Mama akambeba mpaka hospitali kubwa ya mbali, wakakaa huko muda mrefu hadi akawa anawaita wauguzi shangazi. Dawa za dripu zikamnyonyoa nywele. Baadaye ikaja mionzi. Mionzi anaikumbuka vizuri, maana walimtengenezea barakoa ya plastiki yenye matundu, wakamfunika uso, wakaibana kwenye meza asitikisike, halafu wote wakatoka mbio wakamwacha na mashine inayonguruma. Mtoto mdogo vile. Hakulia. Aliitukana ile mashine kimoyomoyo matusi yote aliyokuwa anayajua, na hayakuwa machache.

Akapona. Sikia vizuri: alipona. Siku ya kuaga, muuguzi mmoja mwenye sauti nzito aliinama, akamgusa shavu la kushoto kwa kidole. "Huku," akamwambia mama. "Huku ndiko tulikopiga mionzi. Jino likitaka kung'olewa huku, hata akiwa mzee, kabla koleo haijaingia mdomoni, mnasema kwanza. Mfupa huu sasa ni mgumu kupona. Mmesikia?" Mama akaitikia. Mtoto naye akaitikia, kwa kujiona mkubwa.

Walipofika nyumbani, mama akalifungia lile jambo. Si kwa ubaya. Mtaani walikuwa wameshaanza kumtengea mtoto kikombe chake, eti kansa inaambukiza. Watoto waliitwa ndani akitoka nje kucheza. Mama akahama na mtoto, akaja kuishi karibu na kaka yake, na njiani akatoa amri: "Ukiulizwa umewahi kuumwa nini, sema malaria kama watu wote."

Meno ya ukubwani yalipoota vibaya, majirani wapya nao wakahukumu. Mama huyu hajali. Mama huyu kamlea mtoto kwa pipi. Na pipi kweli alimpa, kule wodini, maana kulikuwa na wiki ambazo mtoto hakuweza kukaa na kitu kingine tumboni. Mama alikuwa akisimangwa anainamisha kichwa. Kisha Sumaku alipoingia kazini, mtu mmoja akasema, "Aa, kumbe ni misumari," na mama akaidaka hiyo misumari kama zawadi. Tangu hapo, akiulizwa tu: "Kazi hiyo, ndugu zangu, namwambia haniskii." Anasema hivyo mbele ya Sumaku! Anaangalia ile sumaku mkononi mwa mwanawe na bado anasema hivyo!

Sasa gego la kushoto, la chini, likaanza. Kwanza lilimsumbua kwa maji ya baridi. Halafu likawa linapiga kama moyo. Halafu shavu likajaa. Mjomba akawa anamkalia kooni kila asubuhi: nenda kaling'oe. Sumaku anakataa. Sponji akamwita mwoga.

"Mwoga mimi?" akasema Sumaku, nyundo mkononi.

"Sijasema wewe," Sponji akarudi nyuma kwenye kona yake. "Nimesema watu kwa ujumla."

Hakuwa mwoga wa koleo. Alikuwa amebanwa mahali pabaya. Kwenda kung'oa bila kusema, anakumbuka kidole cha yule muuguzi. Kusema, ni kumvua nguo mama yake mbele za watu. Alimwendea mama jikoni, akamwomba. "Mama, twende wote, tuseme tu kwa daktari, mtu mmoja." Mama akaendelea kukatakata vitunguu. "Ulipona," akasema. "Kitu kilichokwisha kinasemwa cha nini?" Basi Sumaku akaendelea kumeza vidonge vya maumivu na kutema maji ya chumvi nyuma ya karakana.

Hapo ndipo wakubwa wawili wakamtega.

Daktari wa meno wa barabara ya pili alikuwa na kiti chake cha wagonjwa, ngozi imepasuka, sponji inachungulia. Akaileta kazi kwa mjomba. Kiti chenyewe kimefungwa sakafuni, kwa hiyo walichomoa mito na mgongo wakavileta karakanani, na mjomba, kwa huruma ya ghafla, akampa Sumaku kazi yote. "Wewe mkono wako msafi kuliko wa Sponji." Sumaku akavimba kichwa. Akakata ngozi bandia ya kijani, akaweka sponji ngumu kiunoni na laini shingoni, akashona mshono maradufu mahali mgonjwa anapong'ang'ania kwa mikono akishikwa na hofu. Kazi safi. Wakapeleka, akafunga skrubu zote mwenyewe, akafuta.

Na pale karakanani kuna sheria ambayo hata mjomba haivunji: aliyevisha kiti ndiye wa kwanza kukikalia, mbele ya mwenye mali. Kama kinauma, kikuume wewe kwanza. Sumaku akapanda, akalala, akafumba macho kusikiliza kama kuna springi inayolia. Akasikia mlango. Akafumbua jicho moja. Mama yake amesimama mlangoni na mkoba, mjomba ameegemea kitasa kwa ndani, na daktari, mama wa makamo mwenye miwani, anavaa glavu.

"Daktari, huyo hapo," mjomba akasema. "Kiti unakionaje?"

"Kizuri," daktari akajibu, kidogo kwa aibu.

"Mjomba!" Sumaku akainuka nusu. "Mmenitega kwa kazi yangu mwenyewe?"

"Ungekuja vinginevyo?"

"Nitakuvunja hiyo miguu!"

"Vunja kesho. Leo fungua mdomo."

Angeweza kuruka akatoka. Mjomba mwenyewe ana kilo chache tu zaidi ya nyundo. Lakini jino lilipiga, tu tu tu, mpaka kwenye jicho, na mwili ukakata kauli kabla ya kichwa. Akalala. Daktari akavuta taa, akaangalia, akaguna.

"Dada," akamuuliza mama, "meno haya yamekuwa hivi tangu lini?"

Mjomba, bado mlangoni: "Misumari, daktari. Mafundi makochi tunaishika mdomoni."

"Mimi siishiki!" Sumaku akasema, lakini kwa kioo na vidole mdomoni ilitoka *ii iihiki*, na nani angeelewa.

"Hili gego limeoza, na chini kuna usaha," daktari akasema. "Tulitoe leo upumzike. Una ugonjwa wowote? Umewahi kulazwa?"

Sumaku alimgeukia mama yake. Alimpa nafasi. Alimwangalia kwa macho yote mawili, kwamba sema wewe, sema kwa mdomo wako, nitakushukuru mpaka kaburini.

Mama akakaza mkoba kifuani. "Mzima wa afya," akasema. "Malaria tu, kama watu wote."

Daktari akageuka kuchukua ganzi. Sindano ikapanda hewani, tone likatoka nchani. Daktari akaweka kidole cha mkono wa kushoto juu ya shavu ili kulivuta, na kikakaa palepale, nukta ileile alipogusa muuguzi.

"Toa mkono."

Daktari akatoa.

"Nilikuwa na saratani," Sumaku akasema. "Hapa hapa ulipogusa. Nilikuwa mtoto. Nikapigwa dripu, nikapigwa mionzi, upande huu. Na waliniambia jino la huku lisiguswe bila kusema kwanza. Basi nimesema."

"Nyamaza wewe!" mama akapiga kelele. "Unajitangazia nini?"

"Sinyamazi, Mama! Nimenyamaza mpaka taya limevimba! Mimi sikuiba kitu. Kwa nini nifiche kama mwizi? Kufa nilikataa nikiwa na miaka ya kubebwa mgongoni, leo nife kwa adabu?"

Mjomba aliachia kitasa. Aliwahi kusikia ugonjwa, hakuwahi kusikia jina lake. "Dada," akamwambia mama, polepole, "si uliniambia ni tezi?"

Daktari naye, hilo lazima lisemwe, hakujitia ujuaji. Aliirudisha sindano kwenye sinia, akavuta kigoda, akakaa. "Nimeuliza vibaya," akasema. "Niliuliza una ugonjwa. Wewe ugonjwa huna. Nilitakiwa kuuliza utotoni ulitibiwa nini. Kidogo nikuletee balaa."

"Balaa gani?"

"Mfupa uliopigwa mionzi damu yake huwa haba. Ukichimba jino, lile shimo linaweza kukataa kufunga, na mfupa wenyewe ukaanza kufa. Si kila mtu hupatwa na hilo. Lakini hatuchezi kamari na taya la mtu."

Akampiga picha ya eksirei. Ilipotoka aliibandika kwenye kioo chenye taa, akawaita wote watatu, hata mama, waangalie. Mtu mzima, mizizi ya meno yake huwa mirefu kuliko jino linaloonekana. Ya Sumaku ilikuwa vishina tu, mifupi, imekatikia njiani. Mengine hayakuwepo hata ndani ya fizi.

"Meno ya ukubwani huanza kutengenezwa ndani ya taya mtoto bado mdogo," daktari akasema. "Dawa kali na mionzi vikimkuta wakati huo, kazi inasimama katikati. Mengine yanatoka madogo, mengine mizizi inakuwa mifupi, mengine hayatoki. Na tezi za mate zikichomwa, mdomo unakauka, na mdomo mkavu huoza haraka, maana mate ndiyo yanayosafisha. Haya si ya misumari."

Halafu sauti ndogo ikatoka nyuma, sauti ambayo Sumaku hakuwahi kuisikia kwa mama yake.

"Kwa hiyo si pipi?"

Daktari akavua miwani. "Pipi hazisaidii, mama, sitakudanganya. Mdomo mkavu na sukari havipatani. Lakini hakuna pipi duniani inayofupisha mizizi ya jino. Wewe ulimlisha mtoto aliyekuwa hawezi kula."

Mama akakaa. Hakukuwa na kiti cha wageni, akakaa pembeni mwa kile cha kijani, juu ya mshono maradufu, akalia kama mtu aliyetua mzigo asiojua ameubeba tangu lini. Sumaku alitaka kubaki na hasira yake, kweli alitaka, alikuwa bado na maneno mengi. Lakini hasira ya mtu kwa mama yake haina breki wala haina mafuta. Akamshika bega. "Mama, umelowesha ngozi yangu mpya," akamwambia.

"Nyoo," mama akasema, katikati ya kilio. "Si ulisema haipitishi maji?"

Jino halikung'olewa. Daktari alilitoboa kwa juu, akautoa usaha, maumivu yakashuka Sumaku akiwa bado amelala pale. Akampa dawa, akamwandikia aende hospitali ile ile aliyotibiwa utotoni wakapate kujua mionzi ilipigwa wapi na kiasi gani, kisha mzizi utasafishwa na jino kuzibwa, na kama siku moja lazima litoke, litoke kwa mpango, kwa watu wanaojua wanachokishika. Akamfundisha na mengine: dawa ya floridi ya kupaka menoni, maji kila mara, soda na peremende za kulainisha koo aache, arudi kuangaliwa hata kama haumwi. Sumaku akauliza mbona hakuna aliyemwambia haya alipokuwa mtoto. Daktari akasema pengine waliosema walisema siku ya furaha, na siku ya furaha hakuna anayesikiliza.

Kesho yake karakanani, Sponji alikuwa amekaa tayari, masikio yamesimama, misumari shavuni. Sumaku akavuta kigoda mbele yake.

"Sponji, tema hiyo misumari unisikilize. Nilikuwa na saratani nikiwa mtoto. Nikapona. Meno yangu yameharibika kwa matibabu, si kwa kazi wala kwa mama yangu. Haiambukizi, kwa hiyo usinitengee kikombe, nitakupiga nacho. Umenyonya?"

Sponji akaitikia kwa kichwa, macho yamemtoka.

"Sasa toka nje ukakamuliwe. Mtaa mzima. Usipunguze neno."

Na Sponji, Mungu ampe maisha marefu, hakupunguza. Aliongeza hata. Kuna waliosikia kwamba Sumaku alitobolewa fuvu. Wengine walianza kumsalimia kwa sauti ya msibani, naye akawa anawajibu kwa kucheka mdomo wazi, bila mkono, punje zote za mchele nje, mpaka wakakoma.

Kisha siku moja mlango wa bati ukagongwa. Mwanamke asiyemjua, na binti mdogo kavaa kofia ya sufi katikati ya joto. Yule mwanamke hakuja kushonesha kochi. Akanong'ona, "Wewe ndiye uliyepona?"

"Ongea kwa sauti, mama, hapa hatunong'oni," Sumaku akasema. "Ndiyo, mimi."

Binti alikuwa amemaliza matibabu juzi juzi tu. Sumaku akachuchumaa, akamvua kofia, nywele zilikuwa zinaota laini kama za kifaranga. "Nione meno." Mtoto akamwangalia mama yake, akatazama kando. Basi Sumaku akatangulia, akafungua domo lake lote, mapengo, madoa, vishina, akalishikilia wazi. Mtoto akachungulia muda mrefu.

"Lako baya," akasema.

"Baya sana. Na linakula mahindi. Haya, zamu yako."

Mtoto akafungua. Sumaku akaivua sumaku mkononi, akampa achezee misumari, halafu akavua aproni, akawashika wote wawili mikono, akawapeleka mwenyewe kwa daktari wa barabara ya pili. Hakuna jino lililokuwa linauma. Hiyo ndiyo maana ya kuwahi.

Sasa ni wewe. Usikae hapo unamhurumia Sumaku, huruma yako hana pa kuiweka. Una mtoto aliyepona saratani, au jirani yako anaye, au ni wewe mwenyewe ulikuwa huyo mtoto? Mpeleke kwa daktari wa meno wiki hii, kabla hajalalamika. Na ukifika usisubiri kuulizwa. Sema alitibiwa nini, sema kama alipigwa mionzi na ni wapi, sema kabla koleo haijashikwa. Inuka. Nenda kaseme.